Motokaa kwa Ng'ombe wa Mokeira

Chepilat, Sotik
14 Januari 1934

Dada yangu Mokeira, pamoja na shemeji Mogaka,

Nawasalimu nikiwa mzima, isipokuwa jino moja linalonisumbua na majirani wawili wanaonionea wivu. Natumaini huko Boito kwenye mashamba ya chai nanyi mko hivyo, bila jino.

Naenda moja kwa moja. Nataka kununua motokaa. Usicheke, Mokeira, najua unacheka. Wazungu wa Sotik wanaondoka mmoja mmoja, mahindi hayana bei, na kila anayeondoka anauza motokaa kabla hajauza viti. Nataka ile yenye sanduku la mbao nyuma, nibebe mahindi na ndizi kutoka Kisii niwaletee wafanyakazi wa chai huko kwenu. Punda wangu wamenichosha. Wanakufa njiani kana kwamba ndiyo kazi niliyowaajiria.

Pesa nitapata kwa wale ng'ombe wa mahari yako. Wako wote kwenye zizi la marehemu baba, wamenona. Najua ng'ombe wa dada ndio kaka yake huolea mke, na Mellen wa kwa Nyamweya amengoja mpaka mama yake haitikii tena salamu zangu. Lakini nimefikiri hivi: ng'ombe akila nyasi anakupa kikombe cha maziwa; motokaa ikila petroli inakupa ng'ombe wengine. Mellen atangoja kidogo tu.

Shemeji, wewe ndiwe dereva wa lori la kiwanda. Mimi ng'ombe namjua: nikimwangalia meno na kwato nimemaliza. Motokaa haina meno. Niambie niangalie wapi, nisije nikauziwa mzoga.

Ndugu yenu,
Nyamwange


Boito
28 Januari 1934

Shemeji Nyamwange,

Ni mimi Mogaka ninayesema, dada yako anaandika. Karani Phelix atanisomea barua hii kabla haijafungwa, kwa hiyo kila neno humu ni langu.

Umefikiri kama mwanamume. Na motokaa ina meno, yako ndani ya giaboksi, nitakufundisha kuyaangalia.

Nenda asubuhi, wala usitume habari kwamba unakuja. Kabla ya salamu, weka mkono juu ya rejeta, lile tangi la maji la mbele. Ikiwa ni moto, mwenye mali ameiwasha mapema ili akufiche jinsi inavyokataa kuamka. Rudi nyumbani, uende siku nyingine. Ikiwa ni baridi, chukua hendeli ya kuwashia uizungushe wewe mwenyewe, polepole. Kila mzunguko ukupe ubishi uleule. Ukisikia mahali inateleza kama kijiko kwenye uji, injini imechoka. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yakiwa na mafuta juu, ondoka bila kuaga. Ikishawaka, simama nyuma uangalie moshi. Wa buluu maana yake inakunywa oili.

Lala chini. Usione haya kuchafua shati. Angalia chesisi yote, ile mifupa ya chuma ya chini, na popote utakapoona rangi mpya juu ya chuma cha zamani, kwangua kwa kisu, kwa sababu hapo pana ufa. Sanduku la mbao lichome kisu kwenye pembe. Mvua ya huku inaozesha mbao kwa ndani na nje inabaki inang'aa. Halafu kuna lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, tunaliita difu. Fungua nati yake utie kidole. Walaghai hujaza unga wa mbao au ndizi mbovu humo ili meno yaliyoisha yasipige kelele.

Usiijaribu ikiwa tupu. Hata mzee hupanda mlima akiwa mikono mitupu. Beba magunia yako mwenyewe. Na ukiisha kusema na mzungu, zunguka jikoni useme na mpishi wake. Mpishi ndiye aliyeisukuma siku zote ilipokataa.

Usichelewe. Nzuri hazingoji. Ng'ombe wa kukaa zizini ni chakula cha magonjwa tu, wauze wote ununue kitu cha maana.

Shemeji yako Mogaka,
kwa mkono wa Mokeira

Mokeira anakusalimu. Anauliza kama yule ng'ombe mwekundu mwenye baka usoni bado yupo.


Boito
29 Januari 1934

Jerusa wangu,

Barua hii anakuletea Wilkista, yule anayeuza samaki mkavu huku kwenye nyumba za wafanyakazi. Usinijibu kwa posta. Mpe yeye.

Nisamehe nimekaa kimya tangu mlipohamia Kapsoit. Sikutaka uone mwandiko wangu. Ulikuwa unausifu tulipokuwa darasa moja la wasichana pale misheni, na miezi hii umeharibika, maana vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri tangu Mogaka alipovibana kwenye mlango. Sababu ilikuwa chumvi. Wakati mwingine sababu ni kwamba sijazaa. Wakati mwingine haitafuti sababu.

Jana alinikalisha mezani niandike mashauri ya kununua motokaa. Kaka yangu Nyamwange ameomba. Mogaka alisema, mimi nikaandika kurasa mbili za rejeta, difu na rangi ya moshi, yote mashauri mazuri, na karani Phelix akaisoma barua kwa sauti mbele yake. Ndivyo kila barua yangu inavyotoka. Ndiyo maana anataka niandikie kwetu kwa Kiswahili: Phelix ni wa kwenu ziwani, Kigusii hakijui.

Jerusa, kaka anauza ng'ombe wa mahari yangu. Wewe unajua maana yake. Kwetu mke akimwacha mume, ng'ombe wanarudi walikotoka, na mimi kwa kuwa sina mtoto wanarudi wote. Wakiwa zizini naweza kuondoka siku yoyote. Wakiuzwa, kaka yangu hana cha kurudisha, na wazee watanirudisha mimi badala yao. Nilikuwa nikiamka nawaita moyoni kwa rangi zao, mwekundu, mweusi, wa kijivu, halafu napata nguvu ya kuwasha moto. Sasa kalamu iliyowatoa zizini ni yangu.

Naogopa sana.

Mokeira


Kapsoit
6 Februari 1934

Mokeira,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, mteja ananiuliza sabuni, nikampa kiberiti. Mwandiko wako haujaharibika. Nakuambia hivyo kwa sababu nimekasirika na sijui niseme nini kingine kwanza.

Sasa nisikilize. Mimi namjua Mogaka. Kwenye harusi yako alimnyima mpishi mfupa. Huyo leo anakaa mezani kumfundisha mtu bure, kurasa mbili, rejeta, difu, sijui moshi wa rangi gani? Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyo hana haja na motokaa ya kaka yako. Ana haja na zizi tupu. Anajua vizuri kuliko wewe kwamba ng'ombe wakiisha huna pa kwenda, ndiyo sababu mashauri yake ni mazuri. Angetoa mabaya, Nyamwange angeogopa na kuacha.

Mwandikie kaka yako wewe mwenyewe, bila karani. Usimzungushe. Ukiandika "mambo si mazuri sana" atafikiri una homa. Mume wangu Okoth anakwenda Chepilat kununua ndizi mwanzoni mwa mwezi ujao. Anakwenda kwa baiskeli na atamtia barua mkononi.

Kula. Wilkista anasema umekonda.

Wako,
Jerusa Ayoo


Chepilat
18 Februari 1934

Kwa shemeji yangu, mwalimu wangu, pamoja na dada,

Karani asome hii kwa sauti kubwa! Nilikwenda kwa mzungu wa kwanza asubuhi bila kutangaza. Rejeta baridi, vizuri. Hendeli, vizuri. Nikalala chini na shati la kanisani. Chesisi nzuri. Yule bwana anatabasamu, mimi nimeanza kuona jina langu likiwa limeandikwa mlangoni. Halafu nikakumbuka, nikafungua nati ya difu, nikatia kidole. Kikatoka na unga wa mbao! Nikamwonyesha. Akaangalia mawingu, akasema mvua itanyesha. Nikaenda jikoni, na mpishi akaniambia motokaa ile wanaiombea kila Jumapili kama mgonjwa.

Bila wewe, shemeji, ningekuwa nimenunua duka la seremala. Kila nikiomba natia jina lako.

Sasa kuna ya pili, ng'ambo ya mto, ya mzungu mzee anayerudi kwao. Nimeiona kwa mbali tu. Nitakwenda na magunia kama ulivyosema. Sina haraka, haraka haraka haina baraka.

Dada, huyo mwekundu yupo. Una nini naye? Ukitaka samli sema, usimpitie ng'ombe.

Nyamwange


Boito
26 Februari 1934

Kaka Nyamwange,

Barua hii hakuna aliyeisoma isipokuwa mimi. Anayekuletea ni Okoth, mume wa rafiki yangu Jerusa. Isome peke yako, na ukimjibu shemeji yako usiitaje hata kwa utani.

Mogaka ananipiga. Si kama watu wanavyosema mume amemkemea mkewe. Ananipiga mpaka naanguka na nikianguka haachi. Mwaka jana nilipokuandikia kwamba nina malaria sikuwa na malaria, nilikuwa nimevunjika mbavu. Vidole vyangu viwili havifanyi kazi. Juzi alisema kwamba siku nyingine atanitupa chini ya lori na kusema niliteleza, na alisema bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya kesho.

Nataka kurudi nyumbani. Siombi shamba wala nyumba, naweza kulala jikoni kwa shangazi. Ninaloomba ni moja: usiuze ng'ombe. Wakiwepo tutawarudisha na nitakuwa huru. Mashauri yote niliyokuandikia ni ya kweli, Mogaka hakukudanganya hata neno, lakini aliyatoa ili ununue upesi nami nisiwe na njia.

Najua unawangojea ng'ombe hao tangu ulipokuwa kijana. Najua Mellen anangoja. Naona haya kukuomba. Ningekuwa na kitu kingine cha kuuza ningeuza. Tafadhali, kaka, acha motokaa hii. Nakusihi kwa jina la mama yetu.

Dada yako,
Mokeira


Chepilat
11 Machi 1934

Dada yangu,

Okoth alinipa barua yako Jumanne, na jibu hili nalipitisha kwao, si kwa karani. Nimeisoma mara nyingi na sikumwonyesha mtu. Usifikiri nina moyo wa jiwe. Jumanne sikula, Jumatano sikuwapakia punda mizigo.

Ijumaa nilikwenda kuchukua motokaa.

Ngoja, usiitupe barua, soma mpaka mwisho. Ukirudi leo, watu wa Mogaka watakuja na fimbo zao na kuondoka na ng'ombe wote. Mimi nitabaki na nini? Sina mke, sina ng'ombe, nina punda wawili na dada jikoni. Nilikwisha kumwahidi mzungu, na motokaa yenyewe ni nzima. Ilipanda na magunia yote bila kuchemka. Nikibeba mizigo mavuno mawili tu, nitanunua ng'ombe wengine kama wale na zaidi, na hapo nitakuja mimi mwenyewe kukuchukua, mchana, mbele ya watu. Nimeapa. Nipe mavuno mawili.

Na nikuulize kitu, usikasirike. Mtu mbaya kabisa angeweza kutoa mashauri kama yale? Alinizuia nisinunue ile ya unga wa mbao. Labda hasira yake ni ya kazi, wazungu wa kiwanda wanamsumbua. Kila nyumba ina moshi wake. Subira yavuta heri, wewe ndiwe uliyenifundisha hiyo tulipofiwa na mama.

Mwekundu nilimwuza mwisho. Mnunuzi ni mtu mpole.

Kaka yako,
Nyamwange


Kapsoit
27 Machi 1934

Mokeira,

Wilkista amenipa maneno yako na barua ya kaka yako. Nimeirudisha ndani ya kifurushi hiki, sitaki ikae nyumbani mwangu.

Uliuliza kama unaweza kuja kwangu. Nimeomba, Mokeira, nimeomba kama sijawahi kuomba kitu. Okoth si mtu mbaya. Lakini anasema atakayemweka mke wa mtu nyumbani ataitwa barazani kwamba amemtorosha, na sisi hapa Kapsoit ni wageni. Ardhi ni ya Wakipsigis, duka tumekaa kwa hisani. Likitokea neno moja tunafungasha na watoto turudi ziwani. Nilimwita mwoga. Akasema ndiyo.

Naona haya hata kuandika jina langu chini ya maneno haya. Nilikuambia useme waziwazi, ukasema, na angalia.

Limebaki moja. Nenda Chepilat mwenyewe, kwa miguu. Siku Mogaka anapopeleka chai stesheni hurudi kesho yake. Barua kaka yako aliweza kuikunja akaiweka mfukoni. Wewe akikuona hawezi kukukunja. Akiona mkono wako, akiona unavyotembea, ni damu yake, hataweza.

Jerusa


Chepilat
12 Aprili 1934

Shemeji Mogaka,

Usiwe na wasiwasi. Mokeira yuko hapa kwangu, alifika Jumatatu kwa miguu na miguu imevimba. Amekula, amelala. Wanawake hukumbuka kwao, wewe mwenyewe unajua.

Nilizungumza na wazee wawili wa ukoo. Wameuliza ng'ombe wako wapi, na mimi nikawaonyesha motokaa. Wakasema basi mke ana kwake, arudi. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nitamleta mwenyewe. Hatatembea tena.

Nakuomba jambo moja kama ndugu: punguza mkono. Nimeona mgongo wake. Si vizuri, shemeji. Mimi ni mdogo kwako kwa mambo ya nyumba na siwezi kukufundisha, lakini nakuomba.

Motokaa ni nzima, ila asubuhi inatoa moshi wa buluu kidogo halafu unaisha. Nikija utaiangalia.

Nyamwange


Boito
17 Aprili 1934

Jerusa,

Usijilaumu. Nilikwenda kwa hiari yangu na nafurahi nilikwenda, kwa sababu sasa sina la kujiuliza.

Nilipofika, kaka alinikumbatia akalia. Alilia kweli. Shangazi alinikanda mgongo kwa maji ya moto na kaka akakaa nje ya mlango akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu." Nikajua nimepona. Kesho yake wakaja wazee, na baada ya wazee hakunitazama usoni tena. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba kwenda kuiosha motokaa.

Jumapili alinipandisha nyuma, juu ya magunia ya mahindi. Mbele alikaa mwinjilisti, na mtu mmoja wa Sotik na kuku zake. Si kwamba alinidharau, ndivyo watu wanavyokaa, mwanamke wa nyumbani nyuma na wageni mbele. Kila sokoni watu walitoka kutazama. Watoto walikimbia pembeni wakipiga makofi, na kaka akawapigia honi. Nilimsikia anaimba na mwinjilisti. Jerusa, alikuwa na furaha. Sijui kama utaamini, lakini nilimwonea huruma, kwa sababu hiyo ndiyo siku aliyoingojea maisha yake yote na mzigo wake ulikuwa mimi.

Kwenye mto mmoja walisimama kutia maji. Akaja nyuma kuniletea hindi la kuchoma. Nikamwambia, "Nyamwange, bado unaweza kugeuza."

Akaangalia barabara, mbele, kisha nyuma.

"Hapa pembamba," akasema. "Motokaa haiwezi kugeuka hapa."

Nikala lile hindi. Nilikuwa na njaa.

Sitaandika tena kwa muda, Mogaka amemkataza Wilkista kufika kwenye nyumba yetu. Hii nampa msichana wa jirani. Usihangaike kutafuta njia. Nilikuwa na tumaini, unajua mimi ni mtu wa tumaini, na limekwisha, na ninachokiona cha ajabu ni kwamba bado napika, bado nafua. Hajanigusa tangu nirudi. Hana haraka tena.

Jumapili ile tulipofika, Mogaka alikuwa amesimama uani na shati safi. Hakunitazama. Aliizunguka motokaa yote, akapiga magurudumu kwa mguu, akafungua boneti, akainama, akasikiliza. Halafu akanyooka akampa kaka yangu mkono. "Umenunua vizuri, shemeji," akamwambia, "moshi huo si kitu." Kaka akacheka kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Wakaingia ndani pamoja na mwinjilisti kunywa chai, wakaiacha motokaa pale uani. Mimi nilikuwa bado nimekaa juu ya magunia. Hakuna aliyekumbuka kuniambia nishuke.

Mokeira